Paka Anapiga Chafya Mfululizo: Lini Utulie, Lini Umkimbize kwa Daktari

Safu ya maswali ya wasomaji, na daktari wetu wa mifugo, Tanga

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: paka wangu anapiga chafya, nifanye nini? Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba.

"Jirani kaniambia nimsagie nusu Panadol"

*Shikamoo daktari. Nina paka jike wa miaka miwili, jina lake Tabu. Mwezi uliopita tulihama Ngamiani tukaja Pongwe, na wiki hiyohiyo mwanangu akaokota kipaka barabarani akaja naye nyumbani. Sasa Tabu anapiga chafya asubuhi mpaka usiku, saa nyingine sita saba kwa mkupuo. Kamasi ni majimaji, machozi yanamtoka. Anakula, ila si kama zamani. Yule mdogo naye ameanza. Jirani anasema nimsagie nusu Panadol kwenye maziwa, lakini moyo umesita. Je, ni mafua tu? Yatapita yenyewe? (Mama wa Pongwe, Tanga)*

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kusita. Naanza na hiyo Panadol kabla ya jingine lolote, maana kama yupo atakayesoma aya hii moja tu kisha akafunga gazeti, nataka awe amelisikia hili. Usimpe paka Panadol. Si nusu, si robo, si ile ya maji ya watoto. Ini la mtu lina uwezo wa kuivunja parasetamo na kuitoa mwilini. Ini la paka karibu halina uwezo huo. Dawa inageuka sumu, inaziharibu chembe nyekundu za damu hadi zinashindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, na nusu yake inaweza kumuua pia. Ndani ya saa chache ufizi unakuwa wa rangi ya matope au buluu, uso na nyayo zinavimba, anahema kwa taabu. Kama kuna aliyekwisha kumpa paka wake, asingoje dalili. Ampeleke saa hiyohiyo na aseme wazi alichompa, kwa sababu dawa ya kuipinga sumu hiyo ipo, na inasaidia sana ikiwahi. Aspirini, ibuprofeni na vidonge vya mafua vya watu navyo vikae mbali na paka. Jirani yako alikusudia wema, basi mweleze kwa upole ili asije akamwambia mwingine.

Sasa turudi kwa Tabu. Ulivyoeleza, haya ni mafua ya paka, na sehemu kubwa kabisa ya mafua haya huletwa na virusi vya aina mbili: hepesi ya paka na kalisi. Hepesi hupenda pua na macho: chafya nyingi, machozi, macho mekundu. Kalisi hupenda kinywa: vidonda kwenye ulimi, mate yanayochuruzika, na wengine huchechemea siku moja mbili kana kwamba wameumia mguu. Virusi vyote viwili ni vya jamii ya paka. Havikuambukizi wewe, wala wanao, wala mbwa wa jirani.

Hepesi ina tabia moja inayoeleza habari yako yote. Paka akishaipata utotoni, mara nyingi haimtoki tena. Inajificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso, kama virusi vya tetekuwanga vinavyokaa kimya mwilini mwa mtu miaka na miaka kisha vikarudi kwa sura ya mkanda wa jeshi. Kinachoiamsha ni mahangaiko. Na paka hahangaishwi na kitu kama kuhamishwa nyumba, labda kuletewa paka mgeni. Tabu amepata yote mawili katika wiki moja. Inawezekana ugonjwa umeamka ndani yake akampa mdogo, inawezekana mdogo ndiye aliyekuja nao. Kwa barua siwezi kukuamulia, na matibabu ni yaleyale.

Utajuaje kama ni jambo la kungoja au la kukimbilia? Ninawaambia kila siku wanaokuja kliniki: msihesabu chafya. Paka anaweza kupiga chafya mara hamsini kwa siku akapona vizuri, na mwingine akapiga tatu huku anakufa. Angalieni sahani na angalieni mbavu.

Sahani kwanza. Paka anakula kwa pua. Asiponusa chakula, kwake si chakula, hata kama ni kibua kilichotoka baharini sasa hivi. Kwa hiyo pua ikiziba, anaacha kula, na hapo ndipo mafua madogo yanapogeuka hatari. Paka mkubwa akimaliza siku nzima bila kutia kitu mdomoni, mpigie daktari. Siku ya pili isimpite akiwa nyumbani. Paka mnene ndiye wa kuogopewa zaidi: akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini, ini linajaa mafuta, na kumtoa huko ni kazi ya wiki nyingi. Kipaka wa chini ya miezi mitatu asingojewe kiasi hicho. Yeye akikataa mlo wa pili, beba.

Kisha mbavu. Akiwa amelala usingizi mtulivu, tazama ubavu unavyopanda na kushuka, hesabu kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Kati ya 20 na 30 kwa dakika ni kawaida. Ukipata zaidi ya 40 na paka amelala, hapo kuna jambo kifuani. Na paka anayehema kinywa wazi kama mbwa usimngojee asubuhi. Mbwa hufanya hivyo kwa joto. Paka aliyetulia hafanyi isipokuwa amezidiwa.

Mengine ya kukutoa nyumbani ni haya: kamasi inayogeuka nzito ya njano au kijani na kuendelea hivyo, jicho linalofumbwa au kioo chake kuwa na ukungu, vidonda ulimini, na mafua yasiyopungua baada ya siku 10. Pua kavu na masikio ya moto havikwambii kitu. Wengi wanavitegemea, lakini paka mwenye homa hujulikana kwa kipimajoto tu.

Kwa kuwa Tabu anakula na kamasi ni maji, mhudumie nyumbani. Mfutie pua na macho kwa pamba iliyochovywa kwenye maji ya chumvi: lita nusu ya maji yaliyochemka, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe hadi yawe vuguvugu. Mara mbili tatu kwa siku mwingize bafuni, weka ndoo ya maji ya moto mahali asipoweza kuifikia, funga mlango mkae dakika kumi na mvuke ule. Usitie kitu ndani ya maji hayo. Nasisitiza kwa sababu watu wa pwani tuna mazoea yetu: mafuta ya karafuu, mafuta ya mkaratusi, dawa za kuchua zenye kafuri. Vyote hivi vinampumulisha mtu vizuri, na vyote ni sumu kwa paka, kwa sababu ni lilelile ini lisiloweza kuvivunja. Usimpake hata kifuani, maana atajilamba.

Chakula kipashe moto kidogo ili harufu ipande. Dagaa wa kuchemsha, samaki aliyetolewa miiba, supu ya kuku. Kisiwe na chumvi, kisiwe na kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana vinaharibu damu ya paka. Mchuzi wa nyumbani kwa hiyo haufai, hata akiulilia.

Utaulizia antibayotiki. Antibayotiki haiui virusi. Mtu akikuuzia vidonge kwa paka anayekula, mwenye kamasi nyepesi, amekuuzia kitu ambacho Tabu hakihitaji. Tunazitumia bakteria wanapoingilia, kamasi ikawa nzito na paka akadhoofika, na hapo daktari mara nyingi huchagua doksisaiklini. Kama utapewa hiyo, kila ukimmezesha mfuatishie maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kijiko cha chakula laini. Kidonge hicho kikikwama kwenye umio la paka kinaunguza na kuacha kovu linalomzuia kumeza. Na mtu akikwambia atamchoma steroidi ili chafya zikatike upesi, kataa mpaka umesikia sababu ya maana, kwa kuwa steroidi ni miongoni mwa vitu vinavyoiamsha hepesi.

Yule mdogo mpe chumba chake, bakuli lake na choo chake kwa wiki mbili. Mhudumie Tabu kwanza, kisha mdogo, halafu nawa mikono kwa sabuni. Kalisi inakaa kwenye vyombo na sakafu siku nyingi, na sabuni ya kawaida haiiwezi sawasawa. Osha kwanza, kisha pitisha dawa ya kung'arisha nguo, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, suuza, kausha, ndipo umruhusu paka arudi hapo. Wakipona wote wawili, walete wachanjwe.

"Anakwenda chafya usiku wa Ijumaa tu"

*Daktari, paka wangu dume ana miaka mitatu, mzima kabisa. Lakini kila Alhamisi baada ya Magharibi anaanza kwenda chafya, anajipangusa pua kwa mikono, anakimbilia uani. Ijumaa asubuhi hana kitu. Mke wangu anasema anaona visivyoonekana. (Msomaji, Mwembetanga, Unguja)*

Nadhani Alhamisi jioni nyumba yenu inafukizwa udi au ubani. Ukiweka chetezo sakafuni, moshi unampata paka kabla haujawafikia nyinyi mliokaa juu ya viti, na pua yake ni nyepesi mara nyingi kuliko ya mtu. Chafya yenye saa yake, inayoanza na moshi na kuisha na moshi, si ugonjwa. Mtoeni uani kabla ya kufukiza, fungueni madirisha, mrudisheni moshi ukishatawanyika. Angalieni pia dawa ya mbu ya kuwasha, jiko la makaa la ndani, na hewa ya kupuliza chooni. Navyo huwasha pua vilevile.

Kitu kimoja nakuomba ukitazame. Siku moja akiwa anasumbuliwa na moshi, usisikilize tu, mwangalie mwili. Akipiga chafya kichwa kinaruka na hewa inatoka puani. Lakini akijikunyata chini, shingo kainyoosha mbele, anakohoa kama anayetaka kutapika na hakuna kinachotoka, hiyo si chafya. Hiyo yaweza kuwa pumu, na paka wanaipata kama watu. Ikiwa ni hivyo, mrekodi kwa simu umpelekee daktari hiyo video, kwa sababu akifika kliniki hatakohoa hata mara moja.

"Damu inatoka tundu la kushoto"

*Salaam aleikum daktari. Paka wangu Sultani ana miaka 12. Tangu Ramadhani anapiga chafya, na kinachotoka ni kizito, tundu la kushoto tu, na siku hizi kina damu. Usiku anakoroma. Amekonda. Nilipewa antibayotiki mara mbili. Anapata nafuu wiki moja, kisha yanarudi. Ni mafua sugu? (Mzee wa Mji wa Kale, Mombasa)*

Waalaikumu salaam mzee wangu. Barua yako ndiyo iliyonikalisha muda mrefu kuliko zote, na sitakuficha ninachofikiri. Mafua ya virusi hutoka matundu mawili. Kinachotoka tundu moja, kwa muda mrefu, kina damu, kwa paka wa umri wa Sultani, kinadai kutafutwa chanzo chake. Antibayotiki ya tatu haitakupeleka mahali. Ile nafuu ya wiki moja ni bakteria waliojazana juu ya tatizo kupungua. Tatizo lenyewe liko palepale.

Kuna mambo manne ninayoyafikiria. La kwanza ni jino. Mzizi wa jino la chonge la juu umetenganishwa na pua kwa mfupa mwembamba sana. Ukioza, usaha unapenya kwenda puani. Mfunue mdomo wa juu upande wa kushoto, utazame ufizi juu ya chonge: ni mwekundu, umevimba, unanuka? Ningependa sana iwe hivyo, kwa sababu jino hung'olewa na habari ikaisha.

La pili ni kitu kilichoingia. Paka hula majani, na jani linaweza kupanda nyuma ya kaakaa likanasa puani. Lakini hilo huanza ghafla, siku moja tu, kwa chafya za kichaa na kujikwarua uso, na wewe hukusema hivyo.

La tatu ni kuvu. Kuna kuvu mmoja anayestawi kwenye kinyesi cha njiwa, na mapaa ya Mji wa Kale unayajua yalivyojaa njiwa. Paka akimvuta puani, baadaye utaona mgongo wa pua umevimba, pengine na kidonda kisichofunga. Hakuambukizi wewe kwa chafya, na kuna dawa yake, ila hunywewa miezi.

La nne ni uvimbe wa ndani ya pua, na kwa paka mzee lazima tulitaje: saratani. Nalo lina aina zake. Limfoma ya pua, kwa mfano, huitikia matibabu, na wapo paka walioishi vizuri baada ya kutibiwa. Kwa hiyo usikate tamaa kabla ya kujua.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya nyumbani leo. Chukua kioo kidogo cha mkononi, kipoze kwa maji baridi, kikaushe, kisogeze mbele ya pua ya Sultani akiwa ametulia. Pumzi inapaswa kuchora madoa mawili ya mvuke, kulia na kushoto. Doa la kushoto likikosekana, tundu hilo limezibwa, na daktari atataka kulijua hilo. Kisha simama juu yake umtazame uso kutoka juu: pande mbili za pua ziko sawa? Jicho moja halijasukumwa nje kuliko jingine?

Anahitaji kulazwa usingizi, apigwe picha ya kichwa na meno, na kipande kidogo kichukuliwe kipimwe. Si kila kliniki ina vifaa hivyo. Kama hapo Mombasa hamvipati, omba barua ya rufaa kwenda Nairobi. Chuo Kikuu kina kitivo cha tiba ya wanyama pale Kabete. Kwa wasomaji wa Tanzania wenye tatizo kama hili, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina hospitali yake ya wanyama. Kabla ya safari apimwe figo, maana katika miaka 12 figo za paka zaweza kuwa zimechoka na dawa ya usingizi inazitegemea. Na mzee wangu, ikiwa safari haiwezekani, kwa fedha au kwa hali ya Sultani, mwambie daktari wa hapo hivyohivyo. Dawa za kumpunguzia maumivu na kumrudishia hamu ya kula zipo, na kumtunza bila maumivu ni matibabu pia.

"Mama mkwe anataka paka atolewe"

*Daktari, nina mimba ya miezi minne. Paka wetu ana mafua, na mama mkwe anasema chafya zake zitamdhuru mtoto tumboni, paka atolewe leo. Mume wangu amekaa katikati. (Binti wa Mbagala, Dar es Salaam)*

Hongera mwanangu, Mungu akujalie ujifungue salama. Mama mkwe amesikia jambo la kweli akaliweka mahali pasipo pake. Kipo kidudu cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni, kinaitwa toksoplasma, lakini hakitoki kwa chafya. Kinatoka kwa kinyesi, na paka hukitoa kwa wiki chache tu, kwa kawaida mara moja maishani mwake, pale anapoambukizwa mara ya kwanza. Tena kikitoka hakiambukizi papo hapo. Kinahitaji siku moja hadi tano kikomae. Choo cha paka kikisafishwa kila siku, na mtu mwingine asiyekuwa wewe, njia hiyo imefungwa. Watu wengi hukipata kwa nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani, kwa hiyo mishikaki ya kando ya barabara iive hasa, na ukipalilia mchicha vaa glovu. Kliniki ya wajawazito waeleze kuwa unafuga paka, na kama kipimo kipo watakupima.

Mafua yenyewe ya paka hayana njia ya kukufikia wewe wala mtoto. Kama anakula, mhudumieni kama nilivyomwandikia mama wa Pongwe hapo juu; lakini kazi ya kumfuta makamasi mpe mume wako. Itamtoa pale katikati.

Na kwa mama mkwe, kwa adabu, mkumbushe habari ya Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi. Huenda ikamlainisha kuliko maneno ya daktari.

"Macho yamegandana"

*Shikamoo mama daktari. Chini ya ngalawa mbovu ufukweni kuna paka na watoto wanne, kama wa mwezi mmoja. Wote wanapiga chafya, na wawili macho yamegandana kwa tongotongo, hawaoni. Mimi ni mwanafunzi, sina hela ya daktari. Niwachukue nyumbani? (Kijana wa Bagamoyo)*

Marahaba mjukuu wangu, na Mungu akulipe kwa kuwatazama. Usiwachukue na kumwacha mama. Maziwa yake ndiyo dawa kubwa waliyo nayo sasa. Kama unaweza, wahamishe wote watano kwenye boksi mahali pakavu pasipo na upepo. Kama huwezi, wahudumie hapohapo. Usiku waweke chupa ya maji ya moto iliyovingirishwa kitambaa, kwa kuwa kipaka aliyepata baridi hanyonyi. Maziwa ya ng'ombe usiwape, yatawaharisha. Ukipata dagaa mpe mama ale ashibe.

Macho hayangoji kesho. Chemsha maji ya chumvi kama nilivyoeleza juu, chovya pamba, iweke juu ya jicho lililoganda dakika mbili tatu mpaka gamba lilainike lenyewe. Usilibandue kwa ukucha. Futa kutoka pembe ya puani kwenda nje, kila jicho pamba yake, kila kipaka pamba yake. Usaha unaofungiwa ndani unatoboa kioo cha jicho, na jicho lililotoboka halirudi. Rudia mara tatu nne kwa siku.

Duka la dawa watakuonyesha dawa nyingi za macho. Soma boksi. Ukiona deksamethasoni, haidrokotisoni au pridinisoloni, rudisha; jicho lenye kidonda likitiwa hiyo linaweza kupasuka. Mimi mara nyingi hutumia mafuta ya macho ya tetrasaiklini ya asilimia 1, yaleyale yanayotumika kwa watu, na bei yake si kubwa. Lakini kabla ya kuyatia nenda ofisi ya mifugo ya wilaya na picha za macho yale kwenye simu, umwombe daktari azitazame. Kuwauliza hakuhitaji hela, na mwanafunzi akija na picha na hali hiyo, wapo watakaofika ufukweni wenyewe. Kipaka yeyote asiyenyonya, aliyelegea, mwenye mdomo wa baridi ukimtia kidole, huyo abebwe kwanza.

"Nimemchanja kila mwaka, mbona bado?"

*Daktari, niko Maskati, nafuga paka wa Shirazi, jike, mwaka mmoja na nusu. Chanjo zote anazo. Bado kila baada ya wiki kadhaa anapiga chafya, na anapumua kwa sauti. Chanjo ilikuwa mbovu? (Msomaji, Maskati)*

Chanjo haikuwa mbovu. Chanjo ya mafua ya paka haizuii kabisa virusi kuingia, inazuia visimwangushe. Paka aliyechanjwa hupiga chafya siku chache akaendelea kula, na asiyechanjwa huweza kupoteza jicho au uhai. Kwa wanaoanza: vipaka huchanjwa kuanzia wiki 6 hadi 8, chanjo ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafikishe wiki 16, kisha tena kabla ya kutimiza mwaka, na baada ya hapo daktari atakupangia kila mwaka mmoja hadi mitatu. Ya kichaa cha mbwa ni chanjo nyingine, nayo isisahaulike.

Shirazi wako ana sababu ya pili, nayo ni uso wake. Paka wa pua bapa wana matundu membamba na njia ya hewa iliyojikunja, kamasi kidogo tu inawaziba. Safisha vichujio vya kiyoyozi, kwa sababu vumbi linalokusanyika humo linapuliziwa chumba kizima. Mchanga wa choo chake uwe usiotimua vumbi wala kuwa na manukato. Kisha mwombe daktari ayatazame matundu ya pua. Akiona yamefinyika sana, upo upasuaji mdogo wa kuyapanua, na kama bado hajafungwa kizazi, omba yafanywe yote mawili siku hiyohiyo ili apewe dawa ya usingizi mara moja tu.